Asali haikai kwenye mafuta ya midomo, jamani

Kiangazi kikishika hapa Tabora na upepo wa vumbi ukaanza, midomo ya watu inapasuka na simu yangu haitulii. Natengeneza na kufundisha kutengeneza mafuta ya midomo ya nta, na swali ni lile lile kila mwaka: "Dada, haya yana asali?" Nikisema hayana, mteja ananuna. Mji wa asali huu, iweje uuze mafuta yasiyo na asali? Nimechoka kulijibu kwa mmoja mmoja.

Dhana: mafuta bora ya midomo lazima yawe na asali

Nta na asali vinatoka mzinga mmoja, lakini havina undugu zaidi ya hapo. Nta inapatana na mafuta: inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi, inachanganyika na alizeti au nazi bila ubishi, na ikipoa inagandisha vyote pamoja. Asali ni sukari ndani ya maji, na maji yenyewe hukaribia asilimia 17 hadi 20. Maji na mafuta hayakai pamoja, hata uyabembeleze vipi. Utakoroga mpaka mkono uchoke, utadhani vimeshikana kwa sababu sufuria bado ya moto, utamimina kwenye vikopo ukijisifu. Kesho yake chokoa kikopo kwa kijiti uone: asali nyingi imezama chini, inanata, na juu kuna vitone vinavyotoka jasho. Vikikaa vinageuka punje za sukari, mteja akipaka anahisi mchanga mdomoni. Halafu lawama ni kwamba nta ya Tabora siku hizi imechakachuliwa!

"Lakini asali haiozi." Haiozi ikiwa nzito na chupa imefungwa. Asali inavuta unyevu wa hewani, na hicho kitone kilicho juu ya mafuta kinaguswa na kidole kutwa nzima. Asali iliyoingiwa maji inachacha. Nani hapa Tabora hajui wanzuki, pombe yetu ya asali, inavyotengenezwa?

Na mafuta ya dukani yaliyoandikwa asali? Kiwandani wana viunganishi vya kuyashikisha maji na mafuta, na mara nyingine hiyo asali ni harufu tu. Wewe una sufuria na mwiko.

Hata ingekaa, bado ni tamu. Kitu kitamu mdomoni kinalambwa, na mate yakikauka juu ya mdomo yanauacha mkavu kuliko mwanzo. Nina wateja wanaopaka asali asubuhi, saa nne wameshailamba yote, mchana wanakuja kulalamika kwamba midomo inawaka.

Linalonikasirisha kuliko yote ni akina mama wanaompaka mtoto mchanga. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali kwa njia yoyote, wala ya kupakwa mdomoni. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli na unaoweza kuua, na tumbo la mtoto bado haliwezi kuwazuia. Kuichemsha jikoni hakuui mbegu hizo, kwa hiyo usiniambie "niliipika kwanza".

Mtu mzima anayeipenda asali, aipake tupu jioni, akae nayo dakika 10 bila kulamba, aoshe, ajifute, ndipo apake mafuta ya nta. Kila kitu kwenye kikopo chake.

Dhana: nta ni nta, hata ya mshumaa

Hapana. Mishumaa mingi ya dukani ni parafini, na rangi na harufu zake hazikuwekwa kwa ajili ya mdomo. Watu wanaiyeyusha mkoa ambao nta ya nyuki inatoka Sikonge na Urambo! Nta nyeusi yenye harufu ya moshi si feki. Masega ya zamani huwa meusi, na urinaji wa moto unaacha moshi. Iyeyushe ndani ya maji, chuja kwa kitambaa, iache igande, kisha kwangua uchafu wa chini. Usitumie chungu cha chuma, kinaitia nta weusi.

Dhana: yakiyeyuka Oktoba ni ya bandia

Yamepungukiwa nta tu. Mafuta ya nazi peke yake yanayeyuka kwenye nyuzi 24 au 25, na mchana wa Oktoba hapa unapita hapo mapema. Mimi naweka gramu 25 za nta kwa gramu 75 za mafuta. Joto likizidi, 30 kwa 70. Nunueni mizani jamani, kijiko cha nta si kipimo. Kabla ya kumimina, chovya kijiko baridi, acha tone ligande, lisugue mdomoni. Likikwaruza ongeza mafuta, likiteleza hovyo ongeza nta. Na sufuria ya nta ikae ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe isikae juu ya jiko moja kwa moja. Nta ikizidi joto inashika moto.

Dhana: cha asili hakidhuru

Limao ni la asili, na maji yake yakipigwa na jua yanaweza kuunguza ngozi na kuacha madoa meusi. Mdalasini unawasha midomo iliyopasuka. Utomvu wa mshubiri ni maji, utaota ukungu ndani ya kikopo.

Dhana: mawese yanazuia jua

Wateja wa Kigoma hawa. Mawese ni mafuta mazuri na rangi yake ni ya karotini, lakini kinga yake ya jua haitoshi, na shati litabaki na doa. Mwenye ualbino asitegemee mawese wala nta yangu: avae kofia pana, apake losheni ya kukinga jua, na kidonda cha mdomo kisichopona wiki 3 kikaonwe hospitali.

Dhana: mipasuko ya pembe za mdomo ni ukavu tu

Mara nyingi ni fangasi, au upungufu wa madini ya chuma au vitamini B. Ukipaka nta wiki nzima na pembe bado zinachanika ukipiga mwayo, nenda zahanati. Kikopo cha pili sikuuzii.