Picha ya droni ikikatika, usikimbilie nguvu

Vijana wengi hapa Unguja wanaorusha droni kwa miwani inayowaonyesha picha ya kamera yake huamini kwamba transmita ya video (kifaa cha droni kinachotuma picha hiyo) yenye nguvu zaidi ndiyo dawa ya picha inayokatika. Sivyo. Hata mahali pa wazi kama ufukwe wa Paje, kuzidisha umbali mara mbili kunadai nguvu mara nne: kutoka miliwati 25 hadi 100, kisha 400. Huku betri inaliwa, na transmita yaweza kuungua ikiachwa imewashwa chini bila upepo wa kuipoza.

Anzeni na antena, jamani. Ya droni ikiwa ya mzunguko wa kulia, yaani mawimbi yake huzunguka kuelekea kulia yakisafiri, na ya miwani ikiwa ya kushoto, sehemu kubwa ya mawimbi hupotea, hata ukiwa na miliwati 800. Lazima zifanane. Na mawimbi ya gigahezi 5.8, yanayobeba picha hiyo, hayapiti vizuri penye vizuizi: kuta nene za mawe za Mji Mkongwe huyazima, minazi iliyoloa mvua huyadhoofisha. Hapo panda darini, uione droni bila kizuizi.

Antena bapa kwenye miwani, yenye desibeli 6 zaidi ya ile ya kawaida (yaani hunasa mawimbi kwa nguvu kama mara nne), huzidisha umbali mara mbili bila kugusa betri ya droni. Sharti lake ni uielekee droni muda wote.