Nani anamlipia mwandishi nauli? Dhana potofu kuhusu magazeti na habari za bure

Kila alfajiri, hata adhana haijaisha, simu yangu huanza kulia mfululizo. Ni kundi letu la WhatsApp, la wakazi wa mtaa mmoja hapa Dodoma. Mwalimu mstaafu, mtu mwema kabisa, huturushia magazeti yote ya siku hiyo kwa pdf, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa michezo. Saa mbili nikipita karibu na soko la Majengo, naikuta meza ya magazeti imezungukwa na watu saba au wanane, mikono nyuma, wanasoma vichwa vya habari. Wakimaliza wanaondoka. Mzee anayeuza pale hawafukuzi. Aliniambia zamani mzigo ulikuwa ukiisha kabla ya saa nne. Siku hizi jioni huyafunga kamba yaliyobaki akayarudisha kwa wakala.

Nimeandika habari za mkoa huu kwa miaka mingi, bila mshahara, nikilipwa kwa stori. Kwa hiyo suala la gazeti litaishije wakati msomaji anataka habari ya bure, kwangu si mjadala wa wakubwa wa Dar es Salaam. Ni swali la kama kesho nitafika Chemba au sitafika. Mtaani nasikia majibu mengi, na mengi yamesimama juu ya mambo yasiyo kweli.

"Gazeti linaishi kwa hela ya wanunuzi"

Hela hiyo ni sehemu tu, na mara nyingi si sehemu kubwa. Mwaka 1833 Benjamin Day alianzisha gazeti la The Sun mjini New York, akaliuza senti moja wakati magazeti mengine pale yaliuzwa senti sita. Senti ile isingetosha kuliendesha. Matangazo ndiyo yaliyombeba. Mwaka 1836 Émile de Girardin akafanya hivyohivyo Paris kwa gazeti la La Presse: aliweka ada ya mwaka nusu ya ile ya magazeti mengine, pengo akaliziba kwa matangazo. Tangu enzi hizo magazeti mengi duniani yameishi hivyo. Msomaji anauziwa gazeti kwa bei nafuu, halafu mtangazaji anauziwa macho ya msomaji.

Hapa kwetu mtangazaji mkubwa alikuwa serikali na taasisi zake. Ukifunua gazeti la miaka ya 2000 utakuta kurasa nzima za zabuni, nafasi za kazi, minada ya benki na hati zilizopotea. Leo zabuni za umma zinapita mtandaoni kwenye mfumo wa NeST, ulioanza 2023 ukichukua nafasi ya mfumo wa awali, TANePS. Kazi za serikali ziko kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira. Siilaumu mifumo hiyo hata kidogo. Mkandarasi wa Kondoa anaiona zabuni saa ileile anayoiona mwenzake wa Dar. Marekani lilitokea jambo la aina hiyo: Craigslist, iliyoanzia San Francisco mwaka 1995, ilihamisha matangazo madogo ya nyumba, magari na kazi kutoka magazetini hadi mtandaoni, karibu bure. Kwa hiyo anayemlaumu kijana asiyenunua gazeti analaumu upande mmoja tu. Watangazaji nao waliondoka.

"Mtandaoni habari ni bure"

Ukinunua bando umeshalipa. Umeilipa kampuni ya simu, na ndani yake umelipa kodi. Ambaye hajapata kitu ni yule aliyepanda bodaboda kwenda Bahi kuuliza wanakijiji kilichotokea.

Lakini yuko mlipaji mwingine ambaye msomaji hamwoni, na huyu ndiye anayeninyima usingizi. Malipo ya stori moja mara nyingi hayafikii nauli ya kwenda Mpwapwa na kurudi. Warsha ya hotelini hapa mjini, kwa upande wake, ina gari la kukufuata, chakula cha mchana, na mwishoni bahasha inayoitwa "nauli". Nimezipokea bahasha hizo. Sijivunii, ila mtu akiniuliza habari ya bure inalipwa na nani, siwezi kumficha.

Mwaka mmoja, wakati wa kiangazi, watu wa kijiji kimoja Chemba walinipigia simu. Pampu ya kisima ilikuwa imekufa, wanawake wanafukua mchanga wa korongo usiku ili wapate ndoo moja kabla ya mifugo kufika. Niliomba nauli kwa gazeti nililokuwa naliandikia. Nikajibiwa nitume stori kwanza, malipo baadaye. Wiki hiyohiyo kulikuwa na warsha ya maji hapa mjini, na kesho yake magazeti kadhaa yalikuwa na habari ya maji: picha ya mgeni rasmi, nukuu ya mgeni rasmi, mikakati. Kijiji kile hakikutajwa popote. Mimi nilifika kule baada ya wiki tatu, kwa hela yangu, nikakuta mashimo korongoni yamekuwa marefu kiasi kwamba mtoto akiingia unaona utosi tu.

Waandishi wale hawakusema uongo hata neno moja. Walikwenda palipokuwa na gari. Mahali ambapo hakuna aliyewaalika, mwandishi hufikishwa na hela ya msomaji, au hafiki.

"Wakifuatiliwa na watu wengi mtandaoni, hela zitakuja"

Wahariri wengi waliiamini hii, na imewaumiza. Tangazo la mtandaoni kwa kawaida huhesabiwa kwa kila mara 1,000 linapoonekana, bei inapangwa kwa mnada wa sekunde, na sehemu kubwa ya fedha za matangazo ya mtandaoni inaishia Google na Meta, wenye Facebook. Jicho la msomaji wa Dodoma linanunuliwa kwa bei ya chini kuliko la msomaji wa London, kwa sababu mtangazaji anapima mfuko wa mtu. Ili wafidie, baadhi ya vyumba vya habari vimegeukia vichwa vya kushtua na udaku, wakipoteza msomaji yuleyule ambaye angekuwa tayari kulipa.

Sisi wa Dodoma tunajua maana ya kujenga kwenye kiwanja ambacho hati yake iko kwa mwingine, na gazeti linalotegemea Facebook limejenga hivyo. Mwaka 2018 Facebook ilipunguza habari za vyombo vya habari kwenye ukurasa wa mtumiaji, na wengi duniani wakaona wasomaji wao wakiyeyuka. Agosti 2023 Meta ilizizuia kabisa habari nchini Kanada, ikikataa sheria ya kuilazimisha ilipe vyombo vya habari.

"Basi waweke ukuta wa malipo, kama New York Times"

Ukuta maana yake asiyelipa anazuiwa kusoma. New York Times waliuweka mwaka 2011, na kufikia mwisho wa 2023 walikuwa na wanachama zaidi ya milioni 10. Ni kweli. Ila wanauza kwa Kiingereza, dunia nzima, pamoja na michezo ya maneno na mapishi. The Sun la Uingereza waliweka ukuta Agosti 2013, wakaubomoa Novemba 2015, kwa sababu habari zao zilipatikana kwa wengine bila malipo. Guardian la London halina ukuta kwenye tovuti yake; linaomba mchango, na linamilikiwa na Scott Trust iliyoundwa 1936. Daily Maverick la Afrika Kusini lilifungua uanachama wa hiari mwaka 2018, habari zikabaki wazi kwa kila mtu.

Mfano ninaoupenda ni Mediapart la Ufaransa, lililoanza 2008 bila matangazo kabisa. Desemba 2012 liliandika kwamba waziri wa bajeti, Jérôme Cahuzac, alikuwa na akaunti ya siri Uswisi. Alikana hata bungeni. Machi 2013 alijiuzulu, na Aprili akakiri. Watu wanalilipa Mediapart kwa sababu habari kama ile hawakuipata kwingine.

"Watanzania hawalipii habari"

Watanzania hawa wanalipia visimbuzi, mikeka, bando na michango ya harusi, tena kwa simu, kidogokidogo. M-Pesa ipo hapa tangu 2008. Hawajauziwa kitu kinachowafaa, kwa kiasi wanachokimudu. Mfanyabiashara wa mahindi anayekwenda soko la Kibaigwa anataka kujua bei ya leo na magari mangapi yameingia. Mtu anayetafuta kiwanja katika jiji hili, tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016 na CDA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia ardhi ya mji huu, ikavunjwa 2017, anazunguka ofisi wiki nzima kutafuta taarifa ambazo mwandishi makini angeweza kumkusanyia. Zabibu, alizeti, kilichoamuliwa kwenye kikao cha madiwani: haya hayamo kwenye warsha, na yana mteja.

Malipo ya mwezi mzima ni mzigo kwa wengi. Ya siku au ya wiki yangewezekana, ingawa makato ya miamala hula sana malipo madogo, na hilo magazeti wanapaswa kwenda kulizungumza na kampuni za simu. Tena gazeti la karatasi hapa halikuwahi kusomwa na mtu mmoja; nakala moja ya kinyozi ilipita mikono kumi. Mimi ningeanza kuwauzia watu waliokwisha kuwa pamoja: SACCOS, shule, parokia, msikiti, ofisi ya kata.

Kuna wanaosubiri serikali. Januari 2023 iliunda kamati chini ya mwanahabari mkongwe Tido Mhando kutathmini hali ya uchumi wa vyombo vya habari, na kilio cha madeni ya matangazo ya taasisi za umma ni cha muda mrefu. Deni lilipwe, ni haki. Ruzuku ni jambo jingine, maana gazeti linaloishi kwa ruzuku litaogopa kuuliza kisima cha Chemba kimekwama wapi.

Wiki iliyopita nilimpigia simu yule mwalimu.

"Shikamoo mwalimu. Nakupigia kuhusu zile pdf."

"Marahaba mwanangu. Hazifunguki?"

Nikamweleza yote, kuanzia meza ya Majengo hadi nauli. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema yeye angelipa, hata leo, lakini kwa nani, kwa namba gani? Nikafungua pdf moja nikiwa bado naye hewani, nikapekua kurasa zote. Namba ya watangazaji ilikuwepo. Ya chumba cha habari ilikuwepo. Ya msomaji anayetaka kulipa kwa simu sikuiona.