"Camp" ya Kiingereza haikutoka kwenye mafaili ya polisi

Ujumbe ule umerudi kwenye magrupu: eti neno la Kiingereza "camp", linaloelezea madoido ya kupitiliza kama ya jukwaani, ni herufi K-A-M-P, kifupisho cha "known as male prostitute" (anajulikana kuwa mwanaume anayejiuza), ambazo polisi waliandika kwenye mafaili ya wanaume waliojiuza. Si kweli. Kamusi ya misimu iliyochapwa London mwaka 1909 inalo, kwa C, kwa maana ya vitendo na ishara zenye mkazo uliozidi, na inakisia limetoka Kifaransa; wengi hutaja "se camper", kujisimamisha kwa mbwembwe. Fungua kamusi yoyote ya kihistoria ujionee. Enzi hizo maneno ya vifupisho yalikuwa nadra. Kinachochanganya ni "camp" ya kambi, tahajia ileile, na hadithi za herufi hunoga, nakiri. Ukiupata ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.