Makadara si mahali pa kujaribiwa

Tukiandika barua ya rufaa hapa Malindi, swali la kwanza la jamaa ni mgonjwa anapelekwa wapi. Tukisema Makadara, yaani hospitali ya kufundishia ya Coast General, Mombasa, nyuso hubadilika. "Kule si kuna wanafunzi? Watajifundishia kwa mwanangu." Nimeyasikia haya kutoka kwa watu wa Shela, wa Maweni, wa Gongoni, hata kwa walimu wa shule. Basi kikao hukaa nje ya wodi, ami asubiriwe kutoka Mambrui aje aamue, na mtoto yuko kwenye oksijeni. Maneno haya yananiudhi kuliko yote ninayoyasikia kazini, kwa sababu yanatupotezea saa ambazo mtoto hana.

Watu wanachanganya mafunzo na utafiti. Utafiti tunao karibu: KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, wako Kilifi tangu 1989, na chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa huko pia. Lakini mtu haingizwi kwenye utafiti kimyakimya. Kamati ya maadili hupitisha mpango wote kwanza, mzazi akaelezwa, akatia sahihi, na ana ruhusa ya kujitoa siku yoyote. Mafunzo ni kitu kingine kabisa. Mtoto wa hospitali ya kufundishia anapewa dawa ileile na dozi ileile ambayo ningempa mimi hapa, kwa mwongozo uleule wa wizara. Mwanafunzi haamui dawa; anayeamua na kutia sahihi ni daktari aliyesajiliwa.

Tazameni raundi ya madaktari wodini inavyokwenda. Mwanafunzi hutangulia asubuhi, akamuuliza mama habari yote tangu homa ilipoanza, akaandika. Kisha huja daktari wa intani, yaani aliyehitimu karibuni, kisha bingwa, na kila mmoja anapima upya alichosema mwenziwe. Mtoto wa miezi minane akiwa na kikohozi, mwanafunzi hukaa na saa mkononi akahesabu pumzi dakika nzima, maana anajua bingwa atamuuliza idadi. Pumzi 50 au zaidi kwa umri huo ni dalili ya nimonia. Mahali penye msongamano na mhudumu mmoja, dakika hiyo ndiyo inayorukwa. Sasa niambieni, mtoto aliyetazamwa na watu watatu ameonewa wapi?

Marekani walichunguza rekodi zaidi ya milioni 20 za wazee kulazwa hospitalini, matokeo yakachapishwa 2017: waliotibiwa katika hospitali kubwa za kufundishia walikufa wachache zaidi ndani ya siku 30. Makadara si Marekani, najua, ila anayesema kufundisha kunaua alete ushahidi wake.

Wengine wanadhani hospitali ikianza kufundisha imeshushwa hadhi. Hospitali ya Nairobi ilianza 1901 kwa ajili ya wenyeji, ikaja kuitwa King George VI, na baada ya uhuru ikawa Kenyatta. Shule ya udaktari ilizaliwa ubavuni mwake 1967. Kabla ya hapo kijana wa Kenya aliyetaka udaktari aghalabu alikwenda Makerere, Uganda. Huko nako mafunzo yalianza miaka ya 1920, hospitali ya Mulago ikiwa imeshatibu watu tangu 1913. Shule ikija, inakuja na mabingwa. Mhadhiri wa upasuaji wa watoto ndiye huyohuyo atakayempasua mwanao.

Hapo ndipo na ndugu zangu wa "serikali itujengee chuo cha udaktari, kiwanja tunacho" wanapokosea. Kiwanja ni cha mwisho. Abraham Flexner, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alizungukia vyuo vya udaktari 155 vya Marekani na Canada, na ripoti yake ya 1910 ikaonyesha vingi vilikuwa na majengo na karo, bila maabara ya maana wala wodi za kufundishia. Vingi vikafungwa baadaye. Tukitaka chuo, tudai kwanza mabingwa na vitanda.

Intani si mwanafunzi. Amemaliza chuo, ana shahada, na anafanya kazi mwaka mzima chini ya uangalizi kabla ya kuachiwa peke yake.

Kwamba maiti wa watu hupelekwa darasani kwa siri: hapana. Iko sheria ya anatomia, na maiti aliyekuja kuchukuliwa na jamaa zake anazikwa na jamaa zake.

Na kwamba huwezi kumkataa mwanafunzi: unaweza. Sema kwa adabu, hutanyimwa matibabu. Mimi nakusihi usimkatae, bali muulize kila anayekugusa jina lake na cheo chake. Ni haki yako kujua.

Zaidi ya hayo, barua ya rufaa ikishaandikwa, panda ambulansi. Ami apigiwe simu mkiwa njiani. Chukua kijitabu cha kliniki cha mtoto, picha za eksirei, na dawa zote alizokuwa akitumia, pamoja na zile za duka la dawa na mitishamba ya nyumbani, utie katika mfuko mmoja. Huyo mwanafunzi mnayemwogopa ndiye atakayekuwa na nafasi ya kuzisoma moja moja.