Mapendekezo: simu inajuaje wimbo wa kukuletea?

Neno lenyewe si geni. Kwenye programu za muziki, mapendekezo ni zile nyimbo ambazo kompyuta imekuchagulia bila wewe kuomba, kwa kupima ulivyosikiliza jana na juzi. Wimbo ulioutafuta unaisha, unaingia mwingine ambao hujawahi kuusikia, nao unakunasa. Dereva wa bajaji aliyenitoa Chumbageni kwenda Makorora, hapa Tanga, majuzi alikuwa na hakika kwamba simu yake inamsikiliza akiongea. "Mgosi, hiki kitu kinatupeleleza." Kupelelezwa tunapelelezwa kweli, ila kwa njia rahisi kuliko alivyodhani.

Kazi hii ilikuwa na mwenyewe kabla ya simu. Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, palikuwa na vibanda vya kurekodi kanda. Unakwenda na kanda tupu ya dakika 60, nusu saa kila upande, fundi anakuuliza akutilie nini. Unamtajia zako. Lakini fundi alikuwa anakujua: kwenu ni wapi, harusi iliyopita mlicheza nini, na kanda ile uliyorudisha ukinung'unika upande B haufai. Basi anatia ulizotaka, na mwisho wa upande, panapobaki dakika tatu nne, anajazia moja ya kwake. Hiyo hukuiomba wala hukuilipia. Mimi muziki mwingi ninaoupenda mpaka leo niliupata kwenye dakika hizo za mwisho wa kanda, na nadhani siko peke yangu. Baadaye zikaja sidii za kuchoma, kisha flashi na memori kadi, fundi akawa kijana mwenye kompyuta anayekumwagia nyimbo 200 kwa mpigo. Hapo ndipo ujazio ule ulipoanza kupotea.

Kisha ukaja utiririshaji, yaani kusikiliza moja kwa moja kutoka mtandaoni: wimbo unakuja vipande vipande kupitia bando lako, unapigwa, na hauwi mali yako. YouTube ipo tangu 2005. Spotify ilianzishwa Sweden 2006, ikafunguliwa kwa wasikilizaji 2008, na Tanzania ikafika rasmi 2021. Boomplay ilianza 2015 nchini Nigeria, ikija ndani ya simu za Tecno. Zamani taabu ilikuwa kuupata wimbo. Sasa zipo mamilioni na zote ziko wazi, taabu ni kujua uanzie wapi.

Hapo ndipo algoriti inapoingia, nayo ni mpangilio wa hatua ambazo kompyuta inafuata ili ifikie jibu. Mbinu yake kongwe inaitwa uchujaji shirikishi. Jina hilo walilitumia watafiti wa kampuni ya Xerox, Marekani, mwaka 1992, wakati huo wakihangaika na wingi wa barua pepe, muziki haumo. Chukulia daftari kubwa sana: kila mstari ni mtu, kila safu ni wimbo, na palipo na alama, mtu huyo amesikiliza wimbo huo. Wewe una alama kwa Jamhuri Jazz, kwa Atomic Jazz na kwa Wagosi wa Kaya. Yupo mtu Mombasa, hamjuani, ana alama hizo hizo tatu na ya nne ambayo wewe huna. Kompyuta inakuletea hiyo ya nne. Basi. Haijui kwamba Jamhuri na Atomic ni bendi za hapa Tanga, haijui gitaa wala tumba. Inachojua ni kwamba watu wanaofanana na wewe wamepita pale.

Zipo mbinu nyingine za kuisaidia. Moja inachambua sauti yenyewe, kasi ya mdundo na aina ya ala, na nyingine inasoma majina ya orodha ambazo watu wametengeneza. Hata orodha ya Spotify ya kila Jumatatu, nyimbo 30 kwa kila msikilizaji, iliyoanza 2015, msingi wake mkubwa ni ule wa kulinganisha watu.

Sasa alama zenyewe zinatiwaje? Hapa ndipo tabia ya kusikiliza inapobadilika bila mtu kujijua. Kwa Spotify, wimbo unahesabiwa kuwa umesikilizwa ukifika sekunde 30. Ukiuruka kabla ya hapo, umeupigia kura ya hapana. Ukiurudia au ukiuhifadhi, umepiga ya ndiyo. Kila unapogusa simu unajibu swali ambalo hukuulizwa.

Muziki wa dansi haukutungwa kwa mtihani huo. Wimbo wa bendi unaanza taratibu, mwimbaji anasimulia kisa chake bila haraka, halafu katikati magitaa yanachachamaa, unaingia kwenye chemko. Anayeruka sekunde ya 20 hakufika kwenye chemko, amehukumu ubwabwa kwa kuonja maji ya kuchemshia. Zama za kanda ungevumilia tu, kwa sababu kupeleka mbele kulikula betri, na kurudisha nyuma ulizungusha kwa kalamu ya Bic. Utafiti mmoja wa nyimbo zilizotamba Marekani kati ya 1986 na 2015 ulikuta kwamba utangulizi kabla ya mwimbaji kuingia umeshuka kutoka sekunde zaidi ya 20 hadi kama 5. Sisemi zama zile hazikuwa na mkasi wake. Santuri ndogo nazo zilikuwa zikikata wimbo wa bendi vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande wa pili, ukitaka chemko ugeuze. Tofauti ni kwamba pale ulikatwa na ukubwa wa santuri, na sasa unakatwa na kidole chako.

Jambo linaloniudhi zaidi ni majina. Tanga hii ndiyo iliyotoa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyotia magitaa kwenye taarabu, na Shakila aliimba humo. Andika Black Star kwenye programu uone. Unaweza kuletewa marapa wawili wa Marekani, Mos Def na Talib Kweli, waliojiita jina hilo hilo. Andika Lucky Star, anakuja Madonna na wimbo wake wa 1983. Kompyuta haina kosa, wanaowatafuta hao ni wengi, na daftari linaamini wengi. Rekodi ya zamani ikipandishwa mtandaoni bila jina kamili la kikundi, bila mwaka wala mwimbaji, inakaa pale kama mgeni aliyeshuka stendi usiku bila kujua mtaa. Haina alama, kwa hiyo haipendekezwi, na kwa kuwa haipendekezwi haipati alama. Baikoko, ngoma ya hapa Tanga, ndiyo usiseme.

Tena kuna usikilizaji wetu ambao daftari haliuoni kabisa. Wimbo uliorushwa WhatsApp, ulio kwenye flashi ya daladala, unaopigwa na spika ya harusi Mabawa mpaka alfajiri, haumo. Watu mia tatu wamecheza na kompyuta inajua sifuri. Kwa upande mwingine inaona visivyokuwepo: simu ya mama inayochezewa na wajukuu mchana kutwa inamletea usiku nyimbo za katuni katikati ya taarabu zake, maana kwa daftari hao wote ni mtu mmoja anayependa vyote viwili.

Ukitaka ikuhudumie vizuri, tafuta kwa jina kamili, kwa mfano Black Star Musical Club pamoja na neno Tanga. Ukiupenda wimbo uhifadhi, usiishie kuusikiliza tu. Watoto wakishika simu, washa hali ya faragha au zima historia. Na mara mojamoja acha wimbo uishe.

Kuna kura moja sijui watainakili vipi. Kwenye ukumbi wa taarabu mama hanyanyuki kwa sababu wimbo ni mzuri. Anakaa, anasubiri, mpaka ufike ubeti ule unaomgusa yeye na jirani yake aliyekaa meza ya pili, hapo ananyanyuka na noti, anakwenda kumtunza mwimbaji huku ukumbi mzima ukigeuza shingo kuona anamwangalia nani. Daftari lingeandika kwamba wimbo ulisikilizwa mara moja, mpaka mwisho.