Mkaa ulioiva: maana yake kwa anayechoma nyama nyumbani

Simama kwenye genge lolote la mkaa, Nkuhungu au Chang'ombe hapa Dodoma, uulize: "Mama, mkaa wako mzuri?" Jibu unalijua kabla halijatoka. "Mgumu huo, baba, wa porini kabisa." Unatoa hela, unabeba. Siku hizi "mgumu" na "mzuri" tumeyafanya neno moja, na lile ambalo wachoma mkaa wenyewe wanalitaja kila siku hatuliulizi: je, umeiva?

Ugumu unatokana na mti. Kuiva kunatokana na tanuri. Mkaa unaweza kuwa mgumu kama jiwe na bado ukawa mbichi, na mwingine ukawa mwepesi lakini umeiva sawasawa. Anayechemsha maharage ana haki ya kuangalia ugumu kwanza, maana sufuria imefunikwa na moshi haumhusu sana. Anayeweka mbavu za mbuzi juu ya waya hana sufuria ya kumkinga. Kinachotoka kwenye mkaa kinapanda moja kwa moja kwenye nyama.

Ili neno hili lieleweke, twende tanurini. Mchoma mkaa hupanga magogo, akayafunika kwa majani na matawi, kisha akashindilia udongo juu, akawasha upande mmoja na kuacha matundu machache ya hewa. Hataki magogo yaungue, anataka yapikike. Joto likizidi nyuzi 100 maji yaliyomo kwenye mti yanatoka, na huo ndio ule moshi mweupe mzito unaouona kwa mbali ukiwa njiani. Likipita nyuzi 270 hivi, mti unaanza kuvunjikavunjika wenyewe na kutoa joto lake. Moshi unageuka wa njano, unawasha macho, unanuka siki na lami. Hapo mafuta ya mti ndiyo yanaondoka. Mwisho kabisa moshi unakuwa mwembamba, wa buluu, halafu karibu huuoni. Tanuri limeiva. Matundu yanazibwa, watu wanasubiri lipoe, kisha wanafukua.

Sasa tatizo ni kwamba mti huwa mweusi mapema kuliko unavyoiva. Kwenye nyuzi 400 gogo ni jeusi tii, ukilipiga picha hakuna atakayebisha kwamba ni mkaa, lakini bado karibu asilimia 30 ya uzito wake inaweza kuwa lami. Likifikishwa nyuzi 500, lami na gesi zilizobaki hushuka hadi kama asilimia 10, na kaboni hufika asilimia 85 hivi. Jicho halioni tofauti hiyo. Mchomaji anaiona kwa namna nyingine: tanuri likifukuliwa mapema hutoa uzito mkubwa zaidi, kwa sababu lami haijaondoka. Mvua ikitishia, au lori likiwa limeshafika na dereva anapiga honi, unaelewa kwa nini tanuri linaweza kufukuliwa kabla ya siku yake.

Wajapani wamelisukuma jambo hili hadi mwisho. Wana mkaa unaoitwa binchotan, wa mti wa jamii ya mwaloni, ambao mwishoni hupandishwa joto hadi karibu nyuzi 1,000. Vipande vyake ukivigonganisha vinalia kama chuma. Sisi hatuhitaji kufika huko kwa ajili ya kuku wa Jumapili, ila ule mlio ni wa kukumbuka.

Kwa maana ndicho kipimo cha kwanza pale gengeni, na ni cha bure. Chukua vipande viwili vya ukubwa wa ngumi, vigonganishe. Mkaa ulioiva na kukauka unatoa mlio mkali, kama vigae. Mkaa mbichi, au uliolowa, unatoa sauti ya kudunda, kama umegonga kipande cha ubao. Halafu vunja kimoja, kwa ruhusa ya mwenye mali. Ndani panatakiwa pawe peusi penye mng'ao, mistari ya mti ikionekana wazi. Ukiona katikati pana rangi ya kahawia, au kipande kinakataa kuvunjika na kuchanika nyuzinyuzi, hiyo ni kuni iliyopakwa weusi. Wauzaji wengi hawakatai jaribio hili. Anayekataa usivunje hata kipande kimoja, nadhani ameshakujibu.

Kipimo cha pili utakifanya nyumbani. Washa vipande vichache tu, utazame ndimi. Mkaa mbichi unawaka kwa ndimi ndefu za njano na moshi unaoziba pua. Lami yake ndiyo inayowaka. Ulioiva huwa na ndimi fupi za buluu pale mwanzo, kisha unabaki kaa jekundu lisilo na kelele. Kiswahili kimetusaidia hapa kwa kutenganisha: mkaa ni ule mweusi wa guniani, makaa ni yale mekundu jikoni. Nyama huchomwa kwa makaa. Anayeipandisha juu ya waya wakati jiko bado ni mkaa anaipaka lami mwenyewe.

Nilijifunza hili kwa aibu. Sikukuu moja nilinunua gunia barabarani, njia ya Singida, nikitokea safari. Juu limepangwa mapande mazuri, limeshonwa kwa matawi, lumbesa hiyo unaiona kwa mbali. Nikajisifu njia nzima kwa bei niliyopata. Chini ya yale mapande kulikuwa na vipande vya kahawia, gome, na udongo mwekundu wa kutosha kupandia mchicha. Wageni walikuwa wameshafika, nikaamua liwalo na liwe. Nyama ilitoka nyeusi, chungu, na shemeji yangu akatafuna kipande kimoja polepole, akaniuliza kwa upole kabisa, "Shemeji, umechomea tairi?" Mpaka leo akija kwangu hukagua jiko kabla ya kukaa.

Wapo wanaoutetea moshi ule kwa kusema ndio ladha ya nyama choma. Mimi siwaungi mkono. Mkaa ulioiva vizuri karibu hauna ladha yoyote. Ile harufu inayomfanya jirani achungulie ukutani inatokana na mafuta ya nyama yanapodondokea makaa na kurudi juu kama moshi mwepesi. Mbuzi aliyenona juu ya makaa safi anajitosheleza. Ukitaka harufu ya mti, ongeza kijiti kikavu cha mti unaoujua, badala ya kutegemea lami ya mti usioujua. Hapa kwetu tuna bahati ambayo miji mingine haina: mizabibu. Inapopogolewa Hombolo na Mpunguzi, vile vitawi vikikauka vinawasha jiko haraka na vina harufu nzuri. Magunzi ya mahindi nayo yanafaa kuwashia. Mfuko wa plastiki haufai, na mafuta ya taa hayafai, hata kama ndivyo tulivyofundishwa na kaka zetu.

Kuna jambo moja la hatari kuhusu mkaa ulioiva ambalo halisemwi vya kutosha. Kutokuwa na moshi si kutokuwa na sumu. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na mkaa mbichi angalau ungekukohoza ukatoka nje. Ule mzuri unakuacha umekaa umetulia. Baridi ya Juni na Julai hapa Dodoma inawashawishi watu kuingiza jiko chumbani baada ya nyama kuisha. Watu hulala wasiamke. Jiko libaki uani mpaka liwe majivu.

Turudi kwenye ugumu, maana sikusema hauna maana. Una maana, hasa kwa jinsi tunavyouziana. Mkaa kwetu unapimwa kwa ujazo: gunia, debe, sado, kopo. Moto lakini unatokana na uzito. Sado ya mkaa wa mti mzito na sado ya mkaa wa mti mwepesi zinalingana kwa macho, ila ya kwanza yaweza kuwa na uzito mara moja na nusu ya pili. Ukiwa na mizani ya jikoni, jaza sado ileile kila unapobadilisha muuzaji, uandike uzito ukutani. Ndani ya miezi michache utamjua nani anakuuzia moto na nani anakuuzia hewa.

Miti inayotoa mkaa mzito huku kwetu ni kama mgunga, mlama na mkwaju, pamoja na miti ya miombo inayopatikana upande wa Manyoni na milima ya Mpwapwa. Mwembe ni wa katikati. Mlonge na misonobari ni miepesi, inashika moto upesi na kuisha upesi. Mpingo ni mgumu kuliko yote na moto wake ni mkali mno, lakini kuuchoma mkaa ni kuchana noti; mti ule ni wa kuchonga. Mbuyu hauchomwi mkaa, mti wake ni kama sifongo.

Na mgumu si wa kila nyama. Mkaa mzito unachelewa kushika, nusu saa au zaidi kwenye jiko langu la pipa lililopasuliwa, kisha unakaa muda mrefu na joto lisiloyumba. Huo ni wa paja la mbuzi na kuku mzima wa kienyeji. Kwa mishikaki inayoiva ndani ya dakika chache, mkaa mwepesi ulioiva unatosha, na kuusubiri ule mgumu ni kuwachosha wageni. Mimi huchanganya: mwepesi chini wa kuwashia, mgumu juu.

Mzee mmoja wa Chamwino anayeniletea mkaa huanza kwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, tukasalimiana mpaka za mifugo ziishe, ndipo anaulizwa mti. Akisema mgunga, ninauliza umelala tanurini siku ngapi. Anacheka, anasema siku hizi wateja wanauliza maswali ya bwana misitu. Bwana misitu naye hayuko mbali na hadithi hii. Mkaa unaosafirishwa unatakiwa uwe na kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na kilo moja ya mkaa wa tanuri la udongo hula kilo 5 hadi 10 za kuni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kwangu chai na ugali vimeshahamia kwenye gesi. Mkaa umebaki kuwa wa nyama, mara mbili au tatu kwa mwezi, na kwa sababu ni kidogo ninaweza kuuchagua.

Uliobaki ni usafi wa mkaa wenyewe, na hapa maneno ni machache. Udongo ukiingia guniani hauungui, unabaki kama majivu mazito yanayofunika makaa na kuyanyima hewa. Mkaa safi wa kilo moja unaacha majivu mepesi meupe ya gramu 30 au 40 tu. Ukipata lundo lenye wekundu na mchanga, hukununua mkaa pekee. Mkaa uliolowa utaujua kwa kupasuka na kurusha cheche, maji yaliyonaswa ndani yakigeuka mvuke. Si lazima uutupe. Uanike juani siku mbili, jua la Dodoma halina deni na mtu, kisha uuweke ndani juu ya mbao, usigusane na sakafu. Gome nalo litoe, linarusha cheche na kuacha majivu.

Chenga ni suala la peke yake. Chache ni za kawaida, maana mkaa umepakiwa, umeshushwa, umerushwa toka juu ya lori. Zikizidi robo ya gunia, ama mkaa ni wa mti mwepesi sana au umehamishwa mara nyingi mno. Usizimimine jikoni pamoja na mapande, zinaziba njia ya hewa na moto unadumaa, utapepea mpaka mkono ufe ganzi. Nyumbani tunazikusanya kwenye ndoo, tunazikanda kwa uji mzito wa unga wa muhogo, tunafinyanga matonge na kuyaanika juu ya bati. Kwa nyama hayafai, majivu yake ni mengi. Kwa sufuria ya makande inayotaka kuchemka taratibu mchana kutwa, sijaona kinachoyashinda.