Muulize anacheza na nani

Wiki iliyopita mama mmoja wa Bukavu, anayeuza vitenge hapa Kampala, aliniletea mwanawe. "Daktari, gemu imemharibu. Hana tena watu." Mimi ni mshauri nasaha, si daktari, na maneno hayo nimeyasikia kwa wazazi, walimu na wachungaji hadi nimechoka.

Kijana ana watu. Jioni huwa kwenye kibanda cha gemu mtaani Nsambya na wenzake watatu, padi mbili za kuchezea, anayefungwa anampisha mwenzake. Mwezi uliopita, katikati ya mechi, mmoja wao alisema bila kugeuza uso, "Mzee amefariki Goma." Hakuna aliyepiga kelele. Aliyekuwa akicheza naye alitoa mpira nje kwa makusudi, akaweka padi chini, akahamia benchi lake, wakakaa bega kwa bega. Usiku huohuo walichanga hela za msiba. Kwangu, kijana yuleyule aliyefiwa alikuwa amekaa vikao viwili tukitazamana ana kwa ana, akijibu "niko sawa".

Hapa ndipo watu wananikera. Wanadhani kutazama skrini ni kumkimbia mwenzako. Angalieni kina mama wakimenya matoke: kisu mkononi, macho kwenye ndizi, na hapo ndipo siri za ndoa na madeni hutoka. Mikono ikiwa na kazi, na macho yakiwa na pa kutua, ulimi hulegea. Mvulana aliyefundishwa kwamba mwanamume halii anahitaji nafasi hiyo kuliko yeyote. Skrini humpa. Kiti changu cha ofisini humnyima.

Uraibu upo, sikatai. Shirika la Afya Duniani limeuweka katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, lakini kwa masharti: mtu ashindwe kujizuia, gemu itangulie mambo mengine yote, aendelee ingawa inamdhuru, maisha yake yavurugike, na kwa kawaida hali hiyo idumu miezi 12. Kuchelewa chakula cha jioni si ugonjwa.

Lual Mayen, Msudani Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda, aliuelewa mchezo kwa namna hii. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu hadi dola 300 zikatimia, akamnunulia kompyuta. Humo akatengeneza Salaam, gemu inayomweka mchezaji katika nafasi ya mtu anayekimbia vita.

Mashaka ninayo. Kibanda hichohicho kina vijana wanaobeti, na nimeona karo ikiishia humo. Wasichana hawaingii, kwa hiyo faraja ninayoisifu ni ya wavulana tu. Na pengine wanne hawa wangefarijiana hata kwa mpira wa majani ya migomba. Ila shule za Uganda zilipofungwa kwa sababu ya korona, kabisa au kwa sehemu, Machi 2020 hadi Januari 2022, mpira huo haukuwa na uwanja. Waliokuwa na bando walikutana ndani ya simu, wengine na binamu waliobaki Kongo.

Nilimwomba mama aende kibandani, akae nusu saa, asiulize kitu. Alikwenda. Vijana walisogea wakampa nafasi kwenye benchi, wakaendelea kucheza na kuongea. Jana alinipigia simu. Hakumtaja mwanawe. Alitaka kujua kama yule aliyefiwa na baba atakubali kula kwake Jumapili.